Mwanangu fundi mzuri, cheti ndicho hana

Jirani yangu hapa Kamunyonge ana kijana anayesikiliza injini kabla hajafungua boneti, na mara nyingi hakosei. Alimaliza darasa la saba akaingia gereji kama saidia fundi, kazi yake kushika spana na kuosha plagi. Leo wenye magari mjini Musoma wanamtafuta wenyewe kwa simu.

Majuzi alisikia kampuni moja inatafuta fundi. Akaenda, akapewa gari bovu, akalitengeneza, akasifiwa. Kisha akaombwa cheti. Akarudi nyumbani.

Mama yake akaniuliza swali ambalo huenda nawe, mzazi mwenzangu, limekunyima usingizi: "Sasa huyu mdogo wake aliye sekondari nimwache aende gereji, au nimbane na vitabu?"

Tusiwahi kumlaumu mwajiri. Asiyekujua anahitaji kitu cha kushika. Hata vyeti vyenyewe vimeshatutia aibu: uhakiki wa mwaka 2017 ulikuta watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi.

Lakini wakati huohuo waliumia na wasio na hatia. Serikali ilikuwa imeweka kidato cha nne kuwa sifa ya chini ya kuajiriwa kuanzia Mei 20, 2004. Uhakiki ulipopita, waliondolewa hata watumishi wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo, madereva wakiwamo. Mwaka 2018 ikaagizwa warudishwe kazini. Fikiria dereva aliyeendesha gari la ofisi miaka kumi na tano, anaambiwa hana sifa! Usukani alikuwa akiushika nani?

Kwa kijana wa jirani yangu mlango upo. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunzia kazini, awe wa magari, useremala, uashi, ushonaji au upishi, anapimwa akiwa anafanya kazi yake na kuulizwa maswali. Akionekana ameiva anapewa cheti. Penye upungufu anaelekezwa cha kujifunza. Haanzi upya.

Hata hivyo cheti hicho hakigeuki kuwa cha kidato cha nne. Soma tangazo lolote la serikali la dereva daraja la pili: leseni ya daraja C au E, mafunzo ya uendeshaji ya VETA au NIT, na bado kidato cha nne kimo. Ndiyo maana nilimshauri mama yule asimtoe mdogo shuleni. Gereji aende likizo, na kwa maoni yangu aende kweli, si kupiga soga.

Alikubali, ingawa alilalamikia ada. Mkubwa anakwenda VETA Jumatatu kuulizia. Jana alinipigia akitaka kujua kama avae suruali ya kitambaa na shati la kuchomekea.

Nikamwambia abebe na ovaroli.