Bwana Tshombe na neno «mgeni»

Moïse Tshombe alikaa katika Baraza la Jimbo la Katanga tangu 1951 hata 1953. Chama chake, Conakat, kilichoanzishwa 1958, kilidai Katanga iongozwe na wenyeji wake. Baluba wa Kasai walihesabiwa wageni. Tarehe 11 Julai 1960 akaitenga Katanga na Kongo. Utengano huo ulikwisha Januari 1963.

Lakini Julai 1964 akafanywa Waziri Mkuu wa inchi nzima. Jeshi lake, pamoja na askari wa kukodiwa, likaitwaa Kindu tarehe 5 Novemba. Mwaka 1965 umoja wake, Conaco, ukaomba kura Kongo nzima, hata Kasai.

Basi, ndugu wasomaji, «mgeni» wa jana akawa mpiga kura wa leo. Tumwulize kila mwombaji wa kura: kwako, mgeni ni nani?