Picha Haiinui Mlima

Kila mwezi huja mtu na swali lilelile: ameshusha picha za satelaiti kali kuliko zote, diski imejaa, mbona Mawenzi, kilele cha Kilimanjaro, ndani ya simuleta ya ndege bado ni kichuguu? Halafu anataka nimtajie picha kali zaidi. Sitamtajia, kwa sababu picha haihusiki.

Katika simuleta ya X-Plane ardhi ni vitu viwili. Kuna meshi, wavu wa pembetatu unaobeba miinuko, na kuna picha inayotandikwa juu yake. Tandika kitandani shuka iliyochorwa mlima: kitanda hakipandi hata kidole kimoja. Leta shuka iliyochorwa vizuri zaidi, kitanda ni kilekile.

Hata hivyo watu wanaendelea kushauriana wapandishe kiwango cha zumu cha Ortho4XP, programu ya kutengenezea X-Plane ardhi ya picha, kutoka 16 hadi 18. Piga hesabu. Karibu na ikweta, pikseli moja ya kiwango cha 16 hufunika takriban mita 2.4 za ardhi, na ya 18 mita 0.6. Kila hatua huongeza data mara nne, kwa hiyo hatua mbili ni mara 16. Kijana anamaliza bando la mwezi mzima kwa ushauri huu, na Mawenzi iko palepale. Hili linaniudhi.

Milimani, picha hiyo kali hata huharibu. Imepigwa kutoka juu, inaona utosi na haioni uso. Ukuta wa Barranco wa Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 250 hivi, ndani ya picha ni ufito mwembamba. Ukitandazwa kwenye ukuta mzima, pikseli zinavutika na kuwa michirizi ya matope. Vivuli navyo vimegandia humo. Kama picha ilipigwa asubuhi, kivuli cha mwamba kimelala magharibi, na wewe unaruka saa 11 jioni, jua likiwa magharibi hukohuko.

Umbo hutoka kwenye data ya miinuko. Inayotumika sana ilipimwa kwa rada na chombo cha Endeavour, katika safari ya siku 11 ya Februari 2000. Kwa miaka mingi Afrika tulipewa toleo lenye nukta moja kila mita 90 hivi. La mita 30 lilifunguliwa mwaka 2014. Pima Mawenzi kila baada ya mita 90: ncha zinakatwa, makorongo yanajaa, kinabaki kichuguu.

Basi anza na meshi ya mita 30, picha baadaye. Ortho4XP hujenga meshi yenyewe, kwa hiyo kagua inatumia faili gani la miinuko kabla hujabonyeza. Zumu 16 inatosha milimani. 17 au 18 iwe kuzunguka viwanja vya ndege tu. Ndani ya scenery_packs.ini, faili linalopanga mandhari za X-Plane, viwanja viwe juu, barabara na majengo chini yake, meshi mwisho kabisa. Meshi mbili za eneo moja hazijumlishwi: ya juu ndiyo inayoonekana. Uwanja ukielea au kuzama, ulijengwa juu ya meshi nyingine; tafuta kiraka chake. Mwenye Microsoft Flight Simulator ya 2020 asinunue picha za ardhi bila sababu, maana programu huvuta za Bing kwa intaneti. Kisha weka hali ya hewa ya kawaida, ruka kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), pita juu kidogo tu ya Uhuru, kilele cha juu kabisa cha mlima huo, na usome altimita: kilele kiko futi 19,341.