Tamthilia Inapoipita Riwaya: Mwisho Huu ni wa Nani?

Makala hii imezaliwa na ubishi. Katika semina yetu ya riwaya, mwenzetu mmoja alisimama akadai kwamba hakuna haja tena ya kukingoja kitabu cha sita cha George R. R. Martin, kwa kuwa mwisho wa hadithi tumekwisha kuuona kwenye televisheni. Wengi wakacheka, wakakubali. Mimi nilikataa, lakini siku ile nilikataa kwa hasira tu, hoja sikuwa nayo. Nimeitafuta baadaye, na ndiyo ninayoileta hapa.

Kwanza tukumbushane historia, maana bila hiyo tutabishana bure. Martin, mtunzi wa Marekani, alianza kuchapisha mfululizo wake wa riwaya za kifantasia, A Song of Ice and Fire, mwaka 1996. Alikusudia vitabu vitatu tu. Hesabu ikapanda mpaka saba. Cha pili kilitoka 1998, cha tatu 2000. Mwendo mzuri, siyo? Basi, hapo ndipo gari lilipoanza kukwama. Cha nne kilichukua miaka mitano (2005), cha tano sita (2011). Kampuni ya HBO ilianza kuonyesha tamthilia ya Game of Thrones mwezi Aprili 2011, miezi mitatu kabla ya kitabu hicho cha tano kutoka. Tangu hapo yakawa mashindano ya sungura na kobe, ila safari hii sungura hakulala. Waigizaji watoto wanakua, mikataba inakwisha, watazamaji wanadai msimu mpya kila mwaka. Tamthilia haiwezi kumngoja mtu. Tarehe 2 Januari 2016 Martin mwenyewe alitangaza kuwa kitabu cha sita hakijakamilika. Aprili mwaka huohuo msimu wa sita ukaanza, na tamthilia ikaipita riwaya. Ilifika mwisho Mei 2019, kipindi cha 73. Kitabu cha sita, mpaka ninapoandika haya, hakijatoka.

Si kwamba David Benioff na D. B. Weiss, walioiongoza tamthilia hiyo, waliachwa gizani. Martin aliwaeleza mapema baadhi ya mambo makubwa yatakayotokea. “Basi mwisho ni uleule!” atasema mwenzetu. Hapo namwomba atulie kidogo. Walichopewa ni visa. Je, visa peke yake ndiyo riwaya?

Hebu tuangalie fani ya vitabu hivi. Sura karibu zote za vitabu vitatu vya mwanzo zina jina la mhusika mmoja juu yake. Usimulizi ni wa nafsi ya tatu, lakini msimulizi hatoki kichwani mwa mhusika huyo. Asilolijua yeye nasi hatulijui; anapojidanganya, tunadanganyika naye. Katika kitabu cha kwanza Jaime Lannister anamsukuma mtoto dirishani, nasi tunamchukia kwa vitabu viwili vizima. Kufika kitabu cha tatu, sura zinaanza kubeba jina lake, na tukiwa ndani ya kichwa hicho tunakutana na mtu aliyemuua mfalme wake ili kuuokoa mji, akaambulia jina la msaliti. Alilolitenda dirishani liko palepale. Kilichohama ni kiti tulichokalia sisi wasomaji.

Televisheni haina vichwa, ina nyuso. Katika misimu minne ya kwanza nyuso hizo ziliishi kwa mkopo: nyuma ya kila tendo palikuwa na kurasa, na waandishi waliyajua mawazo ya wahusika kwa sababu waliyasoma. Hata pale Jaime anapomfungulia Brienne siri yake bafuni, ni tukio lililotoka kitabuni. Martin naye aliandika kipindi kimoja katika kila msimu wa hiyo minne. Kisha mkopo ukaisha.

Mfano wa kwanza ni Stannis. Mwaka 2015, katika msimu wa tano, alimchoma moto binti yake Shireen kama kafara ili jeshi lake livuke theluji. Katika kitabu cha tano Stannis yuko thelujini karibu na Winterfell, na binti yuko mbali naye, kule Ukutani. Hawezi kumchoma kama tulivyoona, na hata likija kutokea kitabuni, litafika kwa njia nyingine na kupitia macho ya mwingine, kwani Stannis hajapewa sura hata moja. Tendo litakuwa moja, maana zitakuwa mbili.

Mfano mkubwa zaidi ni Daenerys. Mei 2019 kengele za mji zinalia, mji umesalimu amri, kamera inatulia usoni mwake. Halafu joka linaruka na mji unateketea, nasi tumebaki mitaani pamoja na wanaoungua. Kwa nini amefanya vile? Jamani, uso ule unaweza kubeba jibu lolote! Watu zaidi ya milioni moja walitia sahihi ombi la kutaka msimu wa nane utengenezwe upya. Wengi walilaumu uvivu wa waandishi. Mimi naona palikosekana sura moja yenye jina la Daenerys juu yake.

Hata hivyo tuwe wakweli. Pale ambapo kisa chenyewe ndicho kila kitu, televisheni iliweza. Hodor, yule jitu mpole asiyetamka ila jina lake, alikufa Mei 2016 akizuia mlango, na jina hilo likafichuka kuwa amri ya Kiingereza ya kuzuia mlango iliyotamkwa mpaka maneno yakamezana. Siri hiyo ilitoka kwa Martin. Kitabuni itanikuta nikiijua tayari, na taharuki hiyo, nakiri, nimeibiwa.

Tena mbinu ileile ninayoisifu ndiyo iliyomkwamisha mtunzi. Martin alitaka kuruka miaka mitano baada ya kitabu cha tatu. Akashindwa, akaliacha wazo hilo. Kitabu kilichofuata kikavimba mpaka akakigawa viwili kwa wahusika na mahali. Kila kichwa lazima kifike mwisho kwa miguu yake. Tamthilia ilipunguza mzigo: Catelyn Stark, anayerudi kutoka kifoni katika riwaya, iliacha afe moja kwa moja, na kijana anayejiita Aegon haimo kabisa. Sasa mwisho uleule utapitaje katika nchi ambamo watu hawa wanatembea?

Ndiyo maana nasema tumeingia katika hali ambayo vitabu vyetu vya nadharia havikuizoea. Tumefundishwa kuwa riwaya ni chanzo na tamthilia ni zao lake. Kitabu cha sita kikitoka, kitasomwa kama jibu kwa zao lake chenyewe, na kila sentensi itapimwa: hapa amekubali, hapa amekanusha. Mzee huyo anaandika huku wasomaji wake wameshapiga kelele kuhusu mwisho wake. Huo ni mzigo asioutaka mtunzi yeyote, na nahofu ndio unaomkawiza kuliko uvivu anaosingiziwa.

Mwenzetu wa semina na asisubiri, ni haki yake. Mimi siku hiyo ikifika nitafungua orodha ya sura kwanza, nitazame Daenerys amepewa ngapi.