Kazi Inachosha, Kipindi Kinaita: Namna ya Kuvipa Vyote Nafasi

Katika boma nyingi za Ndalu, siku huanza kabla ya saa 11 alfajiri. Kuna anayewahi kukama ng'ombe, kuna anayetafuta gari la kumfikisha Kitale kabla kazi haijaanza, na kuna bawabu anayemalizia zamu ya usiku huku akihesabu dakika za kurudi nyumbani. Msimu wa kuvuna mahindi ukifika, kati ya Oktoba na Desemba, siku hizo hurefuka zaidi. Hata hivyo, wengi wa watu hawa hawa wana miadi nyingine ambayo hawapendi kuikosa: tamthilia yao ya jioni.

Mapenzi ya runinga si jambo la aibu wala la watoto peke yao. Tatizo huja pale kazi inapomaliza nguvu zote za mchana, kisha kipindi kinakula saa za usingizi zilizobaki. Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, inavyoathiri mwili, mfuko na familia, sheria inasema nini kuhusu mapumziko, na hatua ambazo mkazi anaweza kuchukua bila kuacha kipindi anachokipenda.

Mapenzi haya yametoka mbali

Matangazo ya runinga yalianza nchini Kenya mwaka 1962. Kwa miaka mingi kulikuwa na kituo kimoja tu, Sauti ya Kenya, ambacho mwaka 1989 kilianza kuitwa KBC. Mwaka 1990 KTN ikaingia. Wakazi wenye umri mkubwa wanakumbuka Vitimbi, Vioja Mahakamani na Tausi, na wanakumbuka pia betri ya gari iliyobebwa kwa baiskeli hadi sokoni ili ichajiwe kabla ya siku ya kipindi. Nyumba moja yenye runinga ilikuwa ya kijiji kizima. Kipindi kikiisha, kila mtu alienda kulala, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama na betri nayo ilikuwa imechoka.

Mwaka 2015 mitambo ya analojia ilizimwa na ving'amuzi vikaingia majumbani. Idadi ya vituo ikaongezeka. Baadaye simu zikageuka runinga za mfukoni. Leo kipindi hakina mwisho: sehemu moja ikiisha, simu inaanzisha ya pili yenyewe. Zamani ratiba ya kituo ndiyo iliyotupeleka kitandani. Sasa kazi hiyo imebaki kwetu wenyewe.

Kati ya vipindi vilivyopendwa sana nchini, Papa Shirandula cha Citizen TV kiliigusa hadithi ya mfanyakazi moja kwa moja. Marehemu Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, aliigiza bawabu aliyetoka nyumbani amevaa suti, akabadilisha nguo na kuvaa sare afikapo kazini, ili mkewe Wilbroda asijue kazi yake halisi. Watazamaji walicheka, lakini wengi walijiona humo: kazi ya kuchosha, mshahara mdogo, na hamu ya kuonekana mtu wa heshima mbele ya familia. Tamthilia nzuri hufanya hivyo. Humpa mtu aliyechoka nafasi ya kuyaona maisha yake kwa mbali kidogo, na hata kuyacheka.

Je, kutazama runinga ni kupumzika?

Ndiyo, kwa kiasi. Wataalamu wanaochunguza mapumziko wanaeleza kwamba akili ya mfanyakazi hurudisha nguvu pale inapoachana kabisa na mawazo ya kazi. Mtu anayefuatilia hadithi ya wengine kwa nusu saa huacha kumfikiria mwajiri, deni au mteja mkorofi. Hiyo ni faida ya kweli.

Lakini faida hiyo inaweza kupotea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na watafiti wa vyuo vikuu vya Ujerumani na Uholanzi ulionyesha kuwa watu waliochoka zaidi baada ya kazi ndio waliojilaumu zaidi kwa kutazama runinga au kucheza michezo ya video, wakijiona wavivu. Lawama hiyo ya moyoni ilipunguza nafuu waliyoipata. Kwa maneno mengine, mtu aliyehitaji mapumziko kuliko wote ndiye aliyefaidika kidogo. Funzo lake ni rahisi: ukiamua kutazama kipindi, kitazame kwa raha na kwa muda uliopanga. Kutazama huku unajisuta hakukupumzishi, na kazi uliyoikimbia bado inakusubiri.

Uchovu wa kawaida pia si sawa na uchovu wa kazi uliokithiri. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa aina hii ya pili kuwa hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na kushindwa kuifanya vizuri kama zamani. Mtu wa namna hii anaweza kukesha mbele ya runinga bila kufurahia chochote, kwa sababu tu hataki kesho ifike. Akifika hapo, kubadilisha kipindi hakutamsaidia. Anahitaji msaada.

Usingizi ndio unaolipa deni

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kila siku. Anayeamka saa 11 alfajiri anapaswa kuwa amelala kufikia saa 4 usiku. Tamthilia nyingi za Kiswahili huonyeshwa baada ya taarifa ya habari ya saa 1 usiku na kuisha kabla ya ile ya Kiingereza ya saa 3. Kwa hiyo kipindi chenyewe si adui wa usingizi. Adui ni kile kinachofuata: sehemu mbili za ziada kwenye simu, filamu iliyotafsiriwa kwa mbwembwe na DJ Afro, kisha mabishano ya kundi la WhatsApp kuhusu nani atamwoa nani.

Mwanga wa skrini karibu na macho hupunguza homoni inayouambia mwili kuwa usiku umeingia. Ndiyo maana mtu huzima simu saa 6 usiku na bado anageukageuka kitandani.

Madhara yake si kusinzia kazini tu. Uchunguzi wa kisayansi umeonyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huwa mzito wa kutenda na kuamua kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Mhudumu wa bodaboda aliyeamka saa 11 alfajiri hufikisha saa hizo 17 ifikapo saa 4 usiku. Hajanywa chochote, lakini abiria aliyembeba yuko hatarini. Akilala saa 3 tu na kurudi barabarani, deni la usingizi huanza naye siku mpya.

Kazi ndefu nayo ina hatari zake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi na asilimia 17 ya hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo, ikilinganishwa na wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu aliyechoka lisiwe "kwa nini unatazama runinga?" bali "unafanya kazi saa ngapi?"

Sheria inasema nini kuhusu mapumziko

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa haki zifuatazo:

Angalau siku moja ya mapumziko katika kila kipindi cha siku 7.

Likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, yenye malipo kamili, kila anapotimiza miezi 12 ya kazi.

Likizo ya ugonjwa baada ya kufanya kazi miezi 2 mfululizo: angalau siku 7 kwa malipo kamili na siku 7 nyingine kwa nusu ya malipo katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari.

Chini ya agizo la jumla la mishahara, saa za kawaida za kazi hazizidi 52 kwa wiki, na wa zamu ya usiku hazizidi 60. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida, na mara mbili siku ya mapumziko au sikukuu. Baadhi ya sekta, kama kilimo na ulinzi, zina maagizo yake. Kwa hiyo ni vyema kuuliza linalokuhusu.

Haki hizi zinamhusu pia msaidizi wa nyumbani. Anayepika, kufua na kulea watoto tangu alfajiri, kisha akaruhusiwa kuketi mbele ya runinga wakati kipindi kimebaki dakika 5, hajapewa mapumziko. Siku yake ya kupumzika ni haki wala si zawadi.

Haki huandamana na wajibu. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mwajiri kumfuta kazi anayepuuza majukumu yake kwa makusudi. Bawabu anayetazama tamthilia langoni anaweza kupoteza kazi, na hata maisha yake, kwa sababu ya sehemu ambayo angeweza kuitazama mchana akishaamka. Mwenye zamu ya usiku apakue kipindi au akitazame kikirudiwa, lakini baada ya kulala. Akitoka zamu aanze na usingizi.

Mfuko nao uangaliwe

Runinga ya kisasa ya inchi 32 hutumia takriban wati 50. Ikiwashwa saa 3 kila siku, kwa mwezi hutumia uniti 4.5 hivi za umeme. Tangu Aprili 2023, bei nafuu zaidi ya umeme wa nyumbani imewekewa wateja wasiozidi uniti 30 kwa mwezi. Kwa hiyo runinga peke yake haitakutoa katika kundi hilo, lakini runinga inayowaka mchana kutwa bila mtazamaji inaweza kukusogeza.

Bando ndilo hula pesa zaidi. Kwenye baadhi ya huduma za filamu, saa 1 ya picha za ubora wa juu inaweza kumaliza GB 3, na ubora wa kawaida GB 1. Anayetazama saa 1 kwa siku 20 za mwezi hutofautiana kwa GB 40 kwa sababu ya kitufe kimoja tu cha ubora wa picha. Kwenye skrini ndogo ya simu, tofauti ya picha ni ndogo kuliko tofauti ya pesa.

Hatua za kuanza nazo leo

Chagua kipindi kimoja au viwili. Kuvipenda vyote ni kutovifurahia hata kimoja.

Zima uchezaji wa kujiendesha kwenye simu, ili sehemu inayofuata ianze kwa uamuzi wako.

Ukiweza, acha katikati ya sehemu, jambo moja likishatatuliwa. Waandishi wa tamthilia humalizia sehemu pale penye wasiwasi mkubwa zaidi, na akili ya binadamu hung'ang'ania lile lisilokamilika.

Weka simu mbali na kitanda. Muda wa kulala uwe uleule hata wikendi.

Panga kazi za nyumbani kwa zamu. Mara nyingi mama ndiye hutazama akiwa amesimama kati ya jiko na mlango. Baba na watoto wakubwa wakiosha vyombo kabla ya kipindi, wote wataketi pamoja.

Walinde watoto. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku. Kwa kanuni za utangazaji nchini, vipindi vya kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku vinapaswa kufaa familia nzima. Baada ya hapo mtoto awe amelala.

Kaunti inahusika vipi

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti huduma za afya za mashinani pamoja na burudani za umma, zikiwemo sinema na maonyesho ya video. Anayeendesha kibanda cha video sokoni anapaswa kuwa na leseni, kuzingatia viwango vya umri vya Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini, na kuwaondoa watoto saa za masomo na usiku.

Ukiona dalili za uchovu uliokithiri zimedumu kwako au kwa jirani, usingoje mtu aanguke. Zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako, au fika katika kituo cha afya kilicho karibu na useme wazi kwamba hulali au umekata tamaa. Hilo ni tatizo la afya kama malaria. Msaada wa kisaikolojia unapatikana pia bila malipo kwa kupiga simu 1199 ya Msalaba Mwekundu. Malalamiko ya saa za kazi, likizo au malipo ya ziada hupelekwa kwa afisa wa leba. Beba barua ya kazi, hati za malipo na orodha ya siku na saa ulizofanya kazi. Ukianza kuandika orodha hiyo jioni ya leo, kabla ya kipindi kuanza, itachukua dakika 5.