Kilo 250 Zilizomezwa Kimya Kimya

Sisi watu wa kompyuta tuna mazoea: programu ikikubali kwenye mashine ya zamani na kugoma kwenye seva mpya, lawama zote tunaitupia seva. Leo naomba niitetee.

Kijijini kwetu Munisagara, wilayani Kilosa, kuna kikundi cha wakulima wa ufuta kinachoandika mizigo yake kwenye mfumo wa wavuti. Miaka yote ulikaa kwenye kompyuta yenye MySQL 5.6. Walipouhamishia kwenye seva ya kukodi yenye MySQL 8.0, mizigo midogo ilipita, mikubwa ikakataliwa: *Out of range value for column 'kilo'*. Mhasibu akaniambia, “Mdogo wangu, turudishie ile ya zamani. Yenyewe haikuwa na makuu.”

Nikatazama jedwali. Safu ya kilo ilikuwa DECIMAL(5,2). Wengi hudhani hiyo 5 ni tarakimu za kabla ya nukta. Sivyo. Ni jumla ya tarakimu zote. Ukitoa 2 za baada ya nukta, zinabaki 3. Kwa hiyo kikomo ni 999.99.

Sasa mbona toleo la zamani lilikuwa linapokea mzigo wa kilo 1,250.50? Kumbe halikuwa linaupokea! Lilikuwa linaukata hadi 999.99, linatoa onyo ambalo programu hailisomi, kisha maisha yanaendelea. Hapo zimepotea kilo 250.51. Tuseme kilo ni shilingi 3,000: mkulima amepunjwa shilingi 751,530, na hakuna aliyemwibia.

Kilichobadilika ni msimamo. Tangu MySQL 5.7, iliyotoka 2015, kanzidata huja ikiwa imewashwa ukali (STRICT_TRANS_TABLES): namba isiyoenea inakataliwa. MariaDB nayo ilifuata kuanzia 10.2.4. Yaani seva mpya haikuleta ugonjwa, iliutaja tu.

Ukikutana na hali hii, anza na maswali mawili, pande zote mbili:

SELECT VERSION();
SELECT @@sql_mode;

Kisha panua safu:

ALTER TABLE mizigo MODIFY kilo DECIMAL(10,2) NOT NULL;

Usikimbilie FLOAT, hiyo huhifadhi makadirio, na hesabu za watu hazitaki makadirio. Angalia pia mkato wa maelfu. Mtu akiandika 1,250.50 na programu ikaituma hivyo hivyo kama maandishi, kanzidata isiyo na ukali inaweza kuhifadhi 1 tu. Ondoa mkato kabla ya kutuma.

Na tafadhali, usizime ukali ili kosa lisionekane. Ushauri huo utaupata kwa wengi kwa sababu ni wa haraka, lakini ni sawa na kung'oa kengele ya moto kwa kuwa inapiga kelele.

Kuna jambo ambalo ALTER TABLE haliwezi: kurudisha kilo zilizokwisha kukatwa. Tafuta safu mlalo zote zenye 999.99, uzilinganishe moja moja na daftari la mizani na stakabadhi za wakulima. Pale Munisagara daftari lilikuwepo, limechakaa lakini linasomeka, na kazi ya kulinganisha ilianzia ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo ukimjengea mtu mfumo, usimwambie atupe karatasi zake mapema.