Sura Ngeni, Sura ya Kawaida: Mabingwa Saba wa Magari ya Umeme

Gari la umeme halina injini ya kupozwa wala ekzosi ya kutoa moshi. Mchoraji yuko huru: akitaka achore chombo cha angani, akitaka achore gari lilelile tulilozoea kuliona likisubiri foleni ya mafuta. Kambi hizi mbili zinashindana tangu karne ya 19. Haya hapa mataji saba na walioyatwaa.

1. Mkongwe wa mageni: La Jamais Contente

Jina ni la Kifaransa, maana yake "Asiyeridhika Kamwe". Umbo lake ni risasi iliyotiwa magurudumu. Mwaka 1899, huko Achères karibu na Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy aliliendesha kwa kilomita 105.88 kwa saa. Kabla ya hapo hakuna gari, la mvuke wala la petroli, lililowahi kuvuka 100. Basi la mkoani leo, miaka zaidi ya 120 baadaye, haliruhusiwi kuzidi 80!

2. Bingwa wa kupenya upepo: Mercedes-Benz Vision EQXX

Mgongo wa tone la maji, mkia mrefu. Kipimo chake cha ukinzani wa hewa ni 0.17, ilhali magari mengi ya kawaida yako karibu na 0.30. Juni 2022 lilitoka Stuttgart, Ujerumani, hadi Silverstone, Uingereza: kilomita 1,202 kwa chaji moja. Hiyo ni Nairobi hadi Mombasa, ukarudi Nairobi, kisha ukaianza safari upya na kuzima gari Mtito Andei. Wanunuzi? Hakuna, maana ni gari la majaribio tu.

3. Mwenye kasi: Yangwang U9 Xtreme

Septemba 2025, kwenye njia ya majaribio ya Papenburg, Ujerumani, gari hili la Wachina wa BYD lilifikisha kilomita 496.22 kwa saa. Treni ya SGR ya Dar es Salaam hukimbia 160. Izidishe mara tatu, bado imeachwa. Lakini yatatengenezwa yasiyozidi 30. Wamiliki wote wanaenea ndani ya Coaster moja.

4. Mwenye kishindo: Tesla Cybertruck

Bodi ya chuma cha pua, pembe kali kama karatasi iliyokunjwa kwa rula, urefu mita 5.68: karibu mita nzima zaidi ya Hiace ya daladala. Oktoba 2023 Elon Musk alisema waliojiandikisha kulitaka wamepita milioni moja. Machi 2025 magari hayo yalipoitwa yarudi kurekebishwa, hesabu ya yaliyotengenezwa tangu Novemba 2023 hadi Februari 2025 ilikuwa 46,096. Waketishe wenye nayo katika Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000: viti karibu 14,000 vitabaki vitupu.

5. Geni lililopendwa: BMW i3

Bodi ya nyuzi za kaboni, matairi membamba, milango ya nyuma inayofunguka kinyume. Watu walilitazama mara mbili, kisha wakalinunua. Kati ya 2013 na 2022 yalitengenezwa 250,000. Jaza Uwanja wa Mkapa mara nne, na bado watu 10,000 wako nje getini! Hili ndilo fahari ya kambi ya mageni.

6. Kibeti mwenye nguvu: Wuling Hongguang Mini EV

Sanduku lenye magurudumu manne, basi. Urefu mita 2.92. Panga sita pua kwa mkia na bado hayafiki urefu wa basi refu la Mwendokasi, mita 18. Halina mbwembwe hata moja, na tangu 2020 limeshauzwa zaidi ya milioni moja nchini China.

7. Mfalme wa soko: Tesla Model Y

Milango mitano, buti kubwa, limesimama kama RAV4. Lipake nyeupe, lipitishe Kariakoo, na wengi hawatageuza shingo. Mwaka 2023 yaliuzwa takribani milioni 1.2 duniani, yakaipita hata Corolla: gari la umeme la kwanza kuongoza mauzo ya magari yote. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu wakazi 1,208,333 wa Mombasa. Ni kama kila mmoja wao, pamoja na mtoto wa mgongoni, akabidhiwe gari lake ndani ya mwaka!

Hesabu ya mwisho

Jumlisha mageni yote yaliyotengenezwa kwa ajili ya wateja katika orodha hii: i3 250,000, Cybertruck 46,096 (hadi Februari 2025), U9 Xtreme 30 (yote yaliyopangwa). Jumla 296,126. Model Y la kawaida lilikusanya wanunuzi wengi kuliko hao kwa robo moja tu ya mwaka 2023. Mataji ya upepo, kasi na kishindo ni ya sura ngeni. Taji la mnunuzi, kwa mbali, ni la sura tuliyoizoea.