Mtetezi wa Ardhi Akifungwa, Sisi Tufanye Nini?



Tukitembelea vikundi, mambo ya shamba hayakosi kutajwa. Zaidi ya nusu ya kaunti yetu ni mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948. Sehemu kubwa ya ile iliyobaki ni ranchi na mashamba ya mkonge. Kwa hivyo mtu anayesimama barazani na kuuliza, "Mpaka huu uliwekwa na nani?" anawasemea wengi. Lakini siku akikamatwa, wale wengi wanaingia nyumbani na kufunga mlango. Kila mmoja anasema, "Nikienda huko stesheni, na mimi nitaandikwa."

Uoga huo tunauelewa. Lakini tuangalie jinsi watu wengine walivyosaidia wafungwa wa namna hii, hata wakiwa mbali.

SI JAMBO GENI KWETU

Wazee wetu walipitia haya. Mwaka 1938 Wakamba walipinga ng'ombe wao kuchukuliwa na kuuzwa kwa nguvu. Waliandamana mpaka Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Jomo Kenyatta, aliyekuwa London wakati huo, aliandika habari zao katika magazeti ya Uingereza. Serikali iliacha mpango ule wa nguvu, lakini Mbingu mwenyewe alihamishiwa Lamu.

Hapa kwetu Mengo Woresha, Daniel Mapinga na Jimmy Mwambichi walianzisha chama cha Taita Hills Association kutetea ardhi. Hawakuwa peke yao, walishirikiana na chama cha Wakikuyu cha KCA. Mwezi wa Mei 1940 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku chama hicho pamoja na KCA na chama cha Wakamba, na viongozi wakawekwa kizuizini. Walidaiwa kuwa na uhusiano na maadui wa Uingereza wakati wa vita. Hapo tunajifunza jambo moja: mara nyingi mtu wa ardhi hashtakiwi kwa sababu ya ardhi. Anatafutiwa kosa lingine.

LOLIONDO, MWAKA 2022

Majirani zetu Wamaasai wa Loliondo, Tanzania, walipata shida kama hiyo. Mwezi wa Juni 2022 serikali iliweka vigingi kutenga kilomita za mraba 1,500 za malisho yao. Tarehe 9 viongozi kadhaa, wakiwemo madiwani, walikamatwa. Tarehe 10 kulitokea fujo. Polisi mmoja aliuawa kwa mshale, na wananchi wengi waliumizwa. Wengine walivuka mpaka kuja Narok kutibiwa.

Baadaye watu 24 walishtakiwa kwa mauaji ya yule polisi. Wengine kati yao walikuwa tayari mikononi mwa polisi kabla hajauawa! Na huko Tanzania kesi ya mauaji haina dhamana. Walikaa rumande Arusha karibu miezi mitano.

Hawakuachwa peke yao. Mawakili wa Tanzania waliwatetea kortini. Wamaasai wa Kenya waliandamana Nairobi. Wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walitoa taarifa, na mashirika ya nchi nyingi yalipaza sauti. Mwezi wa Novemba 2022 upande wa mashtaka uliondoa kesi, wote wakatoka. Hatuwezi kusema ni barua na maandamano tu yaliyowatoa. Na ardhi yao haikurudi siku hiyo. Lakini kesi yao haikufanyika gizani.

WAKATI MWINGINE MTU HAOKOLEWI

Tusidanganyane. Huko Nigeria, Ken Saro-Wiwa aliwatetea Waogoni, ambao ardhi na mito yao iliharibiwa na mafuta. Alipofungwa, mtawa mmoja Mkatoliki kutoka Ireland, Sista Majella McCarron, aliandikiana naye. Barua za mfungwa zilitolewa kwa siri ndani ya vikapu vya mkate. Dunia nzima ilimwombea huruma. Hata hivyo, tarehe 10 Novemba 1995 alinyongwa pamoja na wenzake wanane.

Je, kazi ya Sista ilipotea bure? Barua zile zimehifadhiwa katika chuo kikuu cha Maynooth, Ireland, na zimechapishwa kitabu. Waliomnyonga walitaka anyamaze, lakini maneno yake bado yanasomwa.

MSAADA HUU UNAFANYAJE KAZI?

Mfungwa asiyejulikana ni rahisi kupigwa, kuhamishwa au kusahauliwa. Lakini mkubwa wa gereza akiona barua zinakuja, wakili anafika, na viti vya korti vimejaa watu watulivu, anajua kuna macho yanaangalia. Naye mfungwa akisikia watoto wake wanakula na wanasoma, moyo haumvunjiki.

Kumsaidia mfungwa si kusema kwamba hana kosa. Kama kuna mtu ameumizwa, sheria ifuate njia yake. Sisi tunadai atendewe kama binadamu na ahukumiwe kwa haki.

KIKUNDI CHENU KINAWEZA KUFANYA HIVI

1. Andikeni mara moja: jina lake, siku na saa aliyokamatwa, nani alimkamata, amepelekwa wapi. Bila hayo, wakili au shirika la mbali halina pa kuanzia.

2. Jueni Katiba ya 2010, kifungu cha 49. Aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoelewa, aruhusiwe kuongea na wakili, na afikishwe kortini ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia siku ambayo korti imefungwa, basi ni siku inayofuata ya kazi. Ana haki ya kuomba dhamana yenye masharti yanayofaa.

3. Mkilipa dhamana ya pesa taslimu, daini risiti na muitunze vizuri. Pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha, kama mshtakiwa hakutoroka. Pesa isiyo na risiti si dhamana.

4. Ongeeni na Tume ya Haki na Amani ya parokia, na mulizie msaada wa kisheria wa serikali uliowekwa na sheria ya mwaka 2016. Kifungu cha 22 cha Katiba kinaruhusu mtu kwenda kortini kwa niaba ya mwenzake asiyeweza kwenda.

5. Enendeni kortini siku ya kesi, hata mkiwa watano. Kaeni kimya, msikilize, muandike tarehe ya kurudi.

6. Angalieni nyumba yake. Nani atapalilia shamba? Karo je? Kama ni pesa za merigoraundi, kubalianeni wote kwanza na muandike kwenye kitabu, ili wema usilete ugomvi.

7. Habari ikitakiwa kufika mbali, semeni ukweli mtupu, na muulize kwanza mwenyewe au familia yake. Wakati mwingine kutangaza jina kunamwongezea hatari. Uongo mmoja mdogo nao unaharibu kesi nzima.

Na sisi tunaweza kuwa wale watu wa mbali. Kikundi cha Mbololo kinaweza kumwandikia barua mfungwa wa nchi nyingine, kama Sista yule alivyofanya. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, Bwana anajihesabu mwenyewe kati ya waliofungwa. Hatuulizi kwanza kabila wala nchi yao.

MASWALI YA KUJADILI

Je, kijijini kwetu kuna mtu aliyekamatwa kwa mambo ya ardhi? Tulimfanyia nini?

Akikamatwa mwingine kesho asubuhi, ni nani kati yetu atakayeenda stesheni, na ataenda na nani?

Mjadiliane, muwachague hao watu wawili, na muandike majina yao kwenye kitabu cha kikundi kabla hamjafunga mkutano.